Magunia ya Uzi wa Buluu

Kanisani kwetu mtu hazikwi kabla kadi yake ya zaka haijasomwa. Jeneza likishafika kaburini, katibu wa kanisa husimama upande wa kichwa, akafungua kadi na kusoma mwaka baada ya mwaka: marehemu alitoa magunia mangapi ya mpunga. Kwa mwaka usio na muhuri husema "hakutoa," na umati wote husikia. Ukiwa na "hakutoa" mbili mfululizo, mchungaji hakuombei. Ndugu zako watashika majembe wakufukie wenyewe, na kijiji kitakuwa na la kusema mpaka mavuno mengine.

Kadi ya mama yangu, Agnetha, ilikuwa na "hakutoa" mbili. Niliziweka mimi.

Mama alilima majaruba yake ya mpunga hapa karibu na Bukene tangu sijazaliwa. Kanisa letu si la Wakatoliki wala la Wamoravian. Alilianzisha Mchungaji Octavian mwenyewe, na tangu mama ahamie huko, kila gunia la kumi lilikuwa la Mungu. Magunia ya zaka aliyashona mdomo kwa uzi wa buluu, mengine kwa katani, yasije yakachanganyika. Macho yake yalipokwisha na miguu ikamgomea, kazi hiyo ikaniangukia mimi, Marcelina, mtoto pekee aliyebaki nyumbani.

Mwaka wa kwanza nilipeleka kama nilivyoagizwa. Wiki iliyofuata nikapita kwenye mashine ya kukoboa ya mchungaji, ile anayosema ni ya shemeji yake. Nikaona gunia letu linamiminwa mle, uzi wa buluu umetupwa chini, na walanguzi wamejipanga na mizani yao. Kanisa mpaka leo limeezekwa turubai, na bati tumechangia mara tatu! Hasira ilinipanda nikasahau hata nilichokuwa nimefuata.

Siku hiyo niliamua kwamba Mungu atapata chake, ila Octavian hapati hata punje. Mavuno mawili yaliyofuata nilishona magunia mawili mawili kwa uzi ule ule wa buluu, kwa sababu mama alikuwa amekaa pale anasikiliza sindano, na katani angeijua kwa mkwaruzo wake, nikayapeleka kwa jirani yetu Kabula. Mumewe, Ngassa, amepigwa na kiharusi, amelala kitandani mwaka wa tatu sasa. "Huu mpunga ni wa Mungu, si wangu," nilimwambia. "Usinishukuru." Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, nikijiona nina akili kuliko kanisa zima.

Mama aliniomba nimsomee kadi karibu kila Jumapili. Nilikuwa nikiishika mbele ya macho yake yasiyoona, nasoma: "Mwaka jana magunia mawili, muhuri upo. Mwaka huu magunia mawili, muhuri upo." Kumdanganya kipofu ni kazi nyepesi sana, na nilijichukia kwa wepesi huo.

Mwezi wa nane akaacha kula. Asubuhi moja aliniita.

"Marcelina, siku yangu watasoma vizuri?"

"Watasoma vizuri, mayo."

"Basi mimi sina shida nyingine," akasema, akageukia ukutani.

Nilikaa nje nikilia kwa hasira, kisha nikanawa uso na kwenda kwa mchungaji.

Nilimkuta kwenye stoo ya kanisa, shati limenyooshwa, kalamu mfukoni.

"Bwana asifiwe, dada Marcelina. Mama anaendeleaje?"

"Amina. Hali si nzuri, mchungaji. Nimekuja kwa ajili ya kadi yake."

Akafungua daftari, akapitisha kidole, akatikisa kichwa kwa huruma. Ile huruma ndiyo iliyoniudhi. "Mama ni mtu wa Mungu, hilo halina ubishi. Lakini kadi ni kadi. Lete magunia manne, nitagonga muhuri leo hii hii."

Nilikuwa nataka kumwambia alivyo. Kisha nikaona nyuma yake magunia mawili yaliyoshonwa uzi wa buluu. Mshono wenyewe ulikwenda upande, maana mimi sijui kushona. Yalikuwa magunia niliyompa Kabula mavuno ya mwaka huu.

"Hayo ya nani?"

"Ya mama Kabula. Ana imani yule mama! Na mwaka jana alileta mawili kama hayo."

"Huo mpunga ni wa mama yangu!" Nilipiga kelele mpaka aliyekuwa akifagia nje akasimama. "Ni zaka ya mama! Mwandikie mama!"

Octavian hakukasirika. Laiti angekasirika. Alitoa kalamu, akaishika juu ya daftari.

"Hilo linawezekana. Namfutia Kabula, namwandikia mama yako. Ila kadi ya Kabula na Ngassa ni moja, na Ngassa hali yake unaijua. Nifute?"

Kalamu ilikuwa inasubiri. Nikamwambia asifute kwanza, nikatoka mbio.

Kabula alikuwa akimnywesha mumewe uji kwa kijiko. Uji wenyewe ulikuwa mwepesi, maji matupu. Sikumsalimia hata.

"Kabula, ule mpunga wangu hamkuula?"

Alinitazama kama nimemtukana. "Kuula? Dada, si ulisema ni wa Mungu? Mimi ni nani nile cha Mungu? Nilibeba mwenyewe kichwani, debe kwa debe, mpaka kanisani. Hata magunia yake nilipeleka, nikayajaza na kuyashona tena kwa uzi wake, kwenye matundu yale yale."

"Nilikupa mle! Niliona mna njaa!"

"Njaa tunayo," akasema, akimfuta Ngassa kidevu. "Lakini sasa akiondoka hana aibu. Miaka yake yote ina muhuri."

Ngassa hawezi kusema. Alinitazama, akatabasamu kwa upande mmoja wa uso, ule uliobaki mzima. Mtu yule alikuwa ananishukuru.

"Unajua mchungaji anauza ule mpunga?" nikamuuliza Kabula kwa sauti ya chini.

"Tunajua wote, dada. Nani asiyejua? Lakini wewe niambie, mwingine wa kuja kumzika ni nani?"

Nilirudi nyumbani nikipiga hesabu. Ningesema neno moja kanisani, mama angefukiwa kimya kimya. Ningedai magunia yangu, angefukiwa Ngassa. Ningenyamaza nikalipa upya, Octavian angekula mara mbili kutoka shamba moja. Nilizunguka nyumba yetu labda mara kumi nikitafuta njia ya nne.

Ndani yalikuwa yamebaki magunia sita, chakula chetu na mbegu humo humo. Niliazima mkokoteni wa ng'ombe, nikapakia manne. Haya sikuyashona kwa uzi wa buluu. Nilitumia katani, na huo ndio uliokuwa ubishi wangu wote. Octavian hakuona tofauti. Aligonga muhuri mara mbili, akapuliza wino ukauke.

Nilimpelekea mama kadi, nikaiweka mkononi mwake. Aliipapasa, kisha akaisogeza puani. Akanusa muda mrefu.

"Marcelina."

"Mayo."

"Muhuri wa mwaka jana mbona unanuka wino?"

Nilingoja anilaani. Mama aliiweka kadi chini ya mto polepole, akatafuta mkono wangu mpaka akaupata.

"Umebakiza mpunga wa kula?" akauliza.

Siku ya tatu alifariki.

Tulimzika Jumamosi. Katibu alisoma kadi yote, mwaka baada ya mwaka, na alipofika miwili ya mwisho sauti yake haikubadilika: "Alitoa. Alitoa." Watu wakaitikia amina. Kabula ndiye aliyelia kuliko wote, kwa sababu alimpenda mama, na kwa sababu Ngassa alikuwa peke yake nyumbani. Mchungaji aliomba vizuri mno. Nasema kweli, maombi yake yalinifariji, na nikamchukia zaidi kwa kunifariji.

Nilidhani yamekwisha. Kisha Octavian akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kadi mpya, nyeupe, ambayo haijakunjwa. Jina langu lilikuwa limeshaandikwa juu.

"Mama amemaliza mwendo," akatangaza. "Binti yake anapokea. Njoo, dada."

Kijiji kizima kilinitazama. Kaburi lilikuwa bado wazi, na waliokamata majembe walikuwa wanamsubiri mchungaji atoe ruhusa. Nilitazama jeneza la mama kule chini, halafu majembe, halafu kadi.

Nikapiga goti, nikaipokea kwa mikono miwili.

"Fukieni," mchungaji akasema.