Daftari la Emilian

Kila asubuhi ya mashindano, kabla mpira wa kwanza haujapigwa, mdogo wangu Emilian huniamkia shikamoo mbele ya watu wote. Wachezaji wenzake hucheka. Kwenye gofu ya kulipwa mchezaji ndiye mkubwa, na kedi, yaani yule anayembebea mkoba wa fimbo, ndiye anayetakiwa kuwahi kusalimia. Bwana mmoja wa Moshi anayeitwa Noel aliwahi kumuuliza kama kweli mimi nimekuja kumbebea mkoba, au yeye ndiye amekuja kunibebea mimi. Nilimjibu kwamba kwetu Ulemo mdogo anamwamkia kaka yake, na gofu haijabadilisha hilo.

Mimi ndiye niliyemwingiza kwenye mchezo huu. Nilitoka kwetu Iramba zamani kwenda Arusha kutafuta kazi, nikaangukia kwenye klabu moja ya gofu, nikawa kedi kwa miaka kumi na mmoja. Emilian alinifuata akiwa na miaka kumi na tisa, mwembamba kama bua la mtama. Nilimfundisha kushika fimbo, kusimama, na kufunga mdomo mwenzake anapopiga. Baadaye nilirudi nyumbani kulima alizeti, yeye akabaki, akawa mchezaji wa kulipwa. Mwaka huu, akiwa na miaka thelathini na sita na mambo yanamwendea kombo, aliniomba nimbebee mkoba msimu mzima. Nilimwachia mke wangu Dina shamba nikaenda. Nisiseme uongo, niliona raha kuombwa.

Kwa asiyeujua mchezo, mshindi ni yule aliyepiga mikwaju michache kuliko wenzake. Fimbo zina namba, na namba ikiwa ndogo mpira unakwenda mbali zaidi, kwa hiyo sita inaipita saba. Kazi ya kedi, ukiacha kubeba, ni kusaidia kuchagua. Emilian aliniuliza kila mara, "Kaka, hapa?" Mimi nilitaja namba, nikaichomoa fimbo, naye akaipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea kitu kwa mzee wake.

Tulianza Arusha, tukaenda Moshi, Morogoro, kisha Dar es Salaam. Kila tulikokwenda tulikuwa na ugonjwa mmoja: mpira ulipita. Uliruka grini, pale penye nyasi fupi na shimo lenyewe, ukaangukia vichakani nyuma yake. Nililaumu hewa ya Moshi, nililaumu nyasi za Morogoro, nililaumu hata mipira ya siku hizi. Emilian hakulaumu kitu. Alisema, "Sawa, kaka," akaenda kuutafuta.

Mashindano ya mwisho yaliletwa kwetu, kwenye uwanja mpya nje kidogo ya Singida Mjini, wenye mawe makubwa kila unakogeuka na upepo usiojua kupumzika. Wachezaji kumi na tano wa kwanza wa msimu ndio wangebaki na nafasi zao mwakani. Wengine wangerudi kwenye mchujo. Emilian alikuwa ameniambia wazi kwamba akitoka nje ya hao kumi na tano, anaacha gofu. Ana watoto watatu, na hakuona atakavyoanza upya kugombania nafasi na vijana wa miaka ishirini. Asubuhi ya siku ya nne, ambayo ndiyo ya mwisho, alikuwa wa kumi na sita. Mama yetu, Severina, alikuwa ameshuka kwenye basi kutoka Ulemo na kiti chake cha plastiki, kwa sababu haamini viti vya watu.

Asubuhi hiyo nilikuwa natafuta penseli kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba. Mkono wangu ukatoka na daftari lake dogo, lile analoandika umbali wa kila shimo. Nililifungua nione kama penseli imo ndani. Sikuwa na nia ya kupekua, ingawa baada ya ukurasa wa kwanza nilipekua.

Arusha, shimo la tatu, kulikuwa kumeandikwa: "7. Kaka 6." Moshi, shimo la kumi na mbili: "8. Kaka 7." Mbele yake mstari mwekundu, au miwili, ya mikwaju iliyopotea. Zilikuwa kurasa na kurasa. Msimu mzima alijua fimbo iliyofaa, akaiandika, halafu akapiga na ile niliyompa mimi.

Kusema kweli, hasira ndiyo iliyonishika kwanza. Mbona hakusema? Kisha nikajijibu mwenyewe. Angesemaje? Kwetu mdogo hamkatalii kaka yake mbele za watu, na uwanjani watu hawakosekani. Aliyemfundisha adabu hiyo ni mimi, baba alipofariki. Nilimfundisha vizuri mno.

Kilichoniuma zaidi ni hesabu yenyewe. Kila mara nilikuwa nimezidisha fimbo moja, wala si zaidi. Nilikuwa nampa fimbo za yule mwembamba wa miaka kumi na tisa. Miezi yote hiyo nimetembea nyuma ya mgongo wa mdogo wangu, na sikuona kwamba ameota mabega.

Nikarudisha daftari, nikaamua siku hiyo nibebe tu na ninyamaze. Nilidhani nafanya busara.

"Kaka, hapa?" akaniuliza kwenye shimo la kwanza.

"Angalia mwenyewe."

Akanitazama, akapiga vibaya. Shimo la pili vilevile. Shimo la nne akausimamisha mchezo.

"Kaka, nimekukosea?"

"Hujanikosea."

"Mbona umenisusia?"

"Piga, Emilian. Watu wanasubiri."

Ningeweza kumwambia kwamba nimelisoma daftari. Mdomo ulikuwa mzito. Mtu mzima kukiri kosa mbele ya mdogo wake si kazi nyepesi, na anayesema ni nyepesi hana mdogo. Kwa hiyo nilimwacha atembee mashimo yale akidhani nimemkasirikia, naye akapoteza mikwaju miwili, mikwaju ambayo ni yangu mimi kabisa. Kisha akatulia. Kwenye mashimo ya katikati akawa anachagua mwenyewe, akaikomboa yote miwili na mmoja juu yake.

Tulipofika shimo la mwisho wengine wote walikuwa wamemaliza, na ubao wa matokeo ulikuwa hauna siri. Akimaliza shimo hilo kwa mikwaju mitatu, ni wa kumi na tano. Kwa minne, ni wa kumi na sita na basi la kurudi Ulemo. Mbele ya grini kulikuwa na mchanga, nyuma yake mawe matupu, na upepo ulikuwa unatupiga usoni. Mama alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka tulipo.

"Kaka," Emilian akasema taratibu, "umeninyima maneno siku nzima. Hapa ni nyumbani. Upepo huu wewe ndiye unayeujua, unapepetea alizeti kila mwaka. Nisaidie."

Nikaokota nyasi kavu, nikaziachia, zikanirudia kifuani. Kwa yule mwembamba wa zamani ningesema tano. Nikayafikiria yale mabega, nikapunguza.

"Sita," nikasema. Sikuwa namjaribu. Niliamini hivyo kwa moyo wangu wote.

Aliinua macho akatazama mawe kwa muda mrefu.

"Hapana, kaka," akasema. "Saba. Pale juu mawe yanaukata upepo."

Watu walisikia. Mama alisikia pia, nikamwona akigeuza shingo kwenye kiti chake. Niliumia, sitaficha. Nilikuwa nimelitaka neno hilo tangu asubuhi, na lilipokuja likanichoma. Kisha nikafurahi, furaha kubwa kuliko hata ile ya kuombwa. Nikaichomoa namba saba mkobani, nikampa kwa mikono miwili.

Mpira ulipanda, ukasita kidogo hewani, kisha pale kwenye mawe ukaachiwa na upepo kama alivyosema. Ukaangukia mwisho kabisa wa grini, ukabaki. Ile sita yangu ingekuwa inaruka mawe hadi leo. Akausogeza mpira kwa mkwaju wa pili, akautumbukiza kwa wa tatu. Mama alipiga kigelegele peke yake, maana wengine walikuwa bado wanahesabu.

Baada ya kusaini karatasi ya matokeo alinifuata nilipokuwa nafuta fimbo.

"Kaka, nisamehe. Nimekukatalia mbele ya mama."

"Nimeliona daftari lako," nikamwambia, hatimaye. "Tangu asubuhi."

Akainamisha macho. Nikaendelea kuifuta namba sita, ambayo haikuwa hata na vumbi.

"Ungenikatalia tangu Arusha," nikauliza, "msimu huu ungemaliza wa ngapi?"

Nilitegemea aseme hajui, au aanze kuhesabu kwa vidole, nami nipate pa kubishia.

"Wa nne, kaka," akajibu palepale, kwa adabu yake ileile.