Marehemu Aliyekataa Wimbo wa Februari

Mtaa mzima ulijua kuwa Manong Gelacio hakufa sawasawa. Yaani alikufa, akazikwa, watu wakanawa mikono, lakini hakwenda popote. Alikuwa mkahawani kwa Aling Sendang, kwenye meza ya karibu na feni, na kosa halikuwa lake.

Kosa lilikuwa la waombolezaji. Huko Malolos, mji jirani na Manila, mtu akitoka msibani haendi nyumbani moja kwa moja, maana marehemu atamfuata. Hupitia kwanza mahali pengine, akala, akanywa, akamkung'uta marehemu hapo, ndipo akaenda kulala kwa amani. Sasa nyumba ya Manong Gelacio na mkahawa wa Sendang vilitazamana. Mkesha ulichukua zaidi ya wiki kwa kuwa watoto walikuwa wakisubiriwa kutoka ng'ambo, na kila aliyetoka kulia alivuka barabara kwenda kunywa supu ya tambi. Sendang aliuza mpaka masufuria yakapauka. Hakuwaza hata siku moja kwamba wateja wote hao walikuwa wanamwachia marehemu yuleyule.

Na afadhali angekuwa marehemu mwingine. Gelacio alikuwa Mwilokano, mtu wa kaskazini, ambako kaka huitwa Manong na dada Manang, kulekule alikotoka yule rais aliyeng'olewa mwaka 1986, na alimpenda rais wake kama watu wanavyopenda timu ya mpira, ifunge ifungwe. Sendang naye alikuwa miongoni mwa umati uliosimama kwenye barabara kuu ya Manila Februari ile, wakiwa na rozari na maua, vifaru vikashindwa kupita. Yeye mwenyewe alimlisha askari wali kwa mkono wake, askari akiwa juu ya kifaru. Kila mwaka alipoisimulia habari hiyo kifaru kilizidi kurefuka, hata siku hizi ilimbidi apande ngazi.

Rais alipokimbia, ukatoka wimbo. Redio zote ziliupiga, na watoto waliozaliwa mwaka ule waliujua kabla hawajajua kusema mama. Kila tarehe ishirini na tano Februari, wale wa mtaani waliokuwa barabarani siku zile hukusanyika kwa Sendang, wakala, wakawasha mashine ya karaoke na kuuimba kwa ajili ya wenzao waliotangulia. Kundi lilikuwa linapungua. Waimbaji wachache, wa kuimbiwa wengi.

Sasa basi, tangu msiba ule, mashine iliimba kila kitu. Iliimba mapenzi, iliimba Krismasi, iliimba Kimarekani. Ukiichagulia wimbo wa Februari, inakohoa na kuzimika. Fundi akaja, akafungua, akafunga, akaondoka ameigeuza fulana yake ndani nje, kama wafanyavyo watu waliopotezwa njia na mashetani. Hata ujira hakudai. Habari ikatembea. Wateja wa mchana wakaanza kuchukua chakula na kwenda nacho, kisha wakaacha hata kuchukua.

Siku mbili kabla ya sikukuu alikuja Mang Tibo, tarishi mstaafu, mkubwa wa waimbaji kwa umri na kwa ubishi. Alikaa mbali na feni. Alisifu supu, akalaumu mvua, akafika alikokuwa anakwenda.

“Sendang, dada yangu, kule nyuma ya soko kuna mashine mpya. Mimi sina pumzi ya kushindana na mashine inayokohoa kunishinda.”

“Nenda basi.”

“Tutakwenda. Lakini tukihamia huko mwaka huu, mwakani nani atakumbuka kurudi?”

Jibu Sendang alilijua. Mume alishakufa, watoto walikuwa Dubai. Kundi lile ndilo lililomfanya afungue mlango asubuhi.

Akaamua kumlisha Gelacio. Alifanya kama mama yake alivyomfundisha kuhusu wasioonekana: wali mweupe na kuku wa kuchemsha, bila hata punje ya chumvi, kwa kuwa chumvi huwachoma. Akatandika kitambaa safi mezani karibu na feni, akaomba radhi, akaenda zake jikoni. Kufika adhuhuri wali ulikuwa umechacha, na mashine sasa ilikataa hata Krismasi.

Hapo ikabidi avuke barabara. Hakutaka, maana utamwambiaje mjane kwamba mumewe anakaa kwako? Manang Onor, mke wa Gelacio, alikuwa anamenya vitunguu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

“Nilikuwa najiuliza,” akasema. “Kitanda kimekuwa kimya mno. Umempa nini?”

Sendang akamwambia.

Mjane akaweka kisu chini. “Kuku asiye na chumvi? Mume wangu umemfanya jini wa kichuguu?”

“Nilimpa heshima, Manang.”

“Heshima hailiki. Yule ni maiti wa Kiilokano, anataka chakula chake.”

Siku yenyewe Manang Onor alikuja na chungu chake. Ndani mlikuwa na bamia, biringanya na karela, zimepikwa kwa maji ya samaki waliochachushwa, harufu yake ikamtoa padri kanisani kuja kuuliza kuna nini. Akapakua sahani moja, akamimina mvinyo wa miwa, akawasha sigara na kuiegemeza kwenye kisahani. Waimbaji walikuwa wamefika. Tibo pia alifika, kutazama tu, alisema, na kipaza sauti kilikuwa tayari mkononi mwake.

Mjane alizungumza kwanza na mumewe kwa lugha yao ya kaskazini, kwa kirefu, na kwa sauti aliyoonekana kuizoea. Kisha akasema kwa lugha ya wote, “Kula. Wakiimba, sikiliza. Ukikasirika, tutakasirikia nyumbani.”

Wakangoja. Sigara iliungua yenyewe mpaka mwisho na jivu lake halikudondoka. Sendang akabonyeza namba ya wimbo. Mashine ikakohoa mara moja, watu wakashikana mikono, halafu muziki ukatoka.

Waliimba vibaya kama kawaida. Tibo alitangulia, akapotea, akarudishwa. Sauti iliyomrudisha ilikuwa ya Manang Onor, aliyeketi kando ya sahani, macho yakiwa mbali na skrini.

“Umejifunzia wapi?” Sendang alimuuliza wimbo ulipokwisha.

“Kwako. Madirisha yako hayafungwi.”

Mashine ikatoa alama zake: sitini na moja. Tibo akasema hiyo ni kura ya Gelacio, na kwamba alipokuwa hai asingewapa hata kumi.

Kisha mjane akainuka. Watu wa kaskazini wanapoondoka mahali huiita roho ili isibaki nyuma. Alisimama mlangoni, akageukia feni.

“Njoo, twende zetu. Usibaki.”

Sendang alijikuta akisema, “Mwache hata mpaka Jumapili.”

“Hapana, mdogo wangu. Ana kwake.”

Wakavuka barabara, Manang Onor akitembea upande mmoja, kama mtu aliyemwachia mwenzake nafasi.

Kesho yake wateja wa mchana walirudi, na Sendang aliwauzia kila kilichokuwepo. Jikoni palipotulia akavua aproni, akavuka barabara, akaketi mbele ya picha ya Gelacio, akaanza kumweleza, tangu mwanzo, yote ambayo yeye marehemu aliyakosea kuhusu mwaka 1986. Manang Onor alimletea kahawa na kumwambia ahamie upande wa kulia, maana sikio la kushoto la marehemu lilikuwa halisikii.