Injini ya Ilomba Iliyojifunga

Karakana ya chuo cha ufundi pale Ilomba hufunguliwa baada ya sala ya asubuhi. Wavulana huvaa ovaroli na kwenda kwenye injini. Atuganile naye alivaa ovaroli, kisha akaenda kuwasha jiko la chai.

Hakufanyiwa hivyo kwa chuki. Ilikuwa desturi. Mwalimu Bartholomeo, mtu wa Iringa, alifundishwa na fundi wake kwamba injini ya dizeli ikishafunguliwa mwanamke haigusi, akiigusa haiwaki tena. Ikifungwa, aguse tu. Basi alimwambia Atuganile asubiri ifungwe. Lakini ile ilikuwa injini ya kufundishia, imeshushwa kwenye lori bovu na kuwekwa juu ya stendi ya vyuma ili watu waione ndani, na injini ya namna hiyo haifungwi. Atuganile alisubiri huku mtihani wa vitendo ukikaribia. Asiyeshika injini hapewi cheti.

Mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ikiuma masikio, waliikuta imefungwa. Silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu, imekaa mahali pake, bolti zimekazwa, hata vumbi limefutwa. Mwalimu aliuliza nani kafunga. Hakuna aliyefunga. Akasema basi ifunguliwe, kipindi kinapita. Wavulana waliifungua mpaka jasho likawatoka, na kesho yake ikawa imefungwa tena.

Wala haikujificha. Atuganile akiingia na birika mchana kweupe, hedi ilijiinua kutoka mezani ikakaa, na bolti zikajizungusha moja moja, bila haraka, kama mama anavyomfunga mtoto vifungo vya shati la kwenda kanisani. Rabson, kijana aliyeongoza darasani, alichelewa kutoa kidole, ukucha ukawa mweusi. Yeye alilalamikia ukucha. Mwalimu alilalamikia gasketi za kuzibia hedi, kwamba zitakwisha.

Siku moja Atuganile aliweka birika chini, akachukua spana.

"Imefungwa, Mwalimu."

Mwalimu aliitazama. Alisema kufungwa kunakotajwa na desturi ni kufungwa na fundi, siyo kitu kujifunga chenyewe. Akaagiza mama yake binti aitwe.

Mama yake, Severina, alikuwa mjane, anauza vitunguu vya Ruaha Mbuyuni pale Mwanjelwa. Alimwachia jirani meza, akaja na sare yake ya kina mama wa kanisa, kwa kuwa kuitwa na mwalimu siyo jambo la kwendea na nguo za soko. Mwalimu alimwamkia kwa Kihehe, "Kamwene, mama." Yeye akaitikia kwa Kinyakyusa, "Ndaga," akakaa juu ya tairi. Mwalimu alimweleza kwa upole kwamba binti ahamie ushonaji. Kule kuna cherehani na kuna utulivu, na huku injini itakaa wazi wenzake wasome.

Severina aliitazama injini. Ilikuwa inamalizia bolti ya mwisho.

"Mwalimu, huyu Atu alitoka kwa kisu. Nililazwa mezani nikafunguliwa kama hii injini yako. Aliyenifungua mwanamke, aliyenifunga mwanamke. Nimebeba magunia, nimezika mume, na sijavuja mpaka leo."

Rabson alianza kucheka, akaacha.

"Mama Atu, wewe siyo dizeli," Mwalimu alisema.

"Namshukuru Mungu siku ile hukuwa zamu wewe," Severina alisema. "Mtoto hahami."

Akajifunga kitenge vizuri, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Siku ya mtihani, kila mvulana alifungua injini, ikamsumbua kidogo, akamaliza. Atuganile hakuitwa. Alisogea mwenyewe. Bolti zililegea kwa spana yake kama za injini yoyote, nyingine kwa shida, moja mpaka akaikalia kwa uzito wote. Alifungua, akakagua, akakosea mpangilio, akarudia, akafunga. Akaunga bomba la dizeli na betri, akawasha. Ikawaka. Vikombe vya chai vikacheza kabatini.

Mwalimu Bartholomeo alikubali kwamba imewaka. Alisema pia kwamba jambo lisiloruhusiwa halina maksi. Matokeo yalipobandikwa, mbele ya jina la Atuganile paliandikwa hakuwepo.

Severina alisoma, akasoma tena, akamwambia bintiye akafue ovaroli.

Chuo kilipofunguliwa mwezi wa kwanza, Atuganile alijiandikisha upya, darasa lile lile. Severina alikuwa amehamishia meza yake ya vitunguu nje ya geti, mahali panapoonekana mlango wa karakana. Mwalimu alikuwa ameifunga hedi mezani kwa mnyororo wa kuvutia malori. Alimwamkia Atuganile vizuri, akamuulizia likizo, akampa birika.

Atuganile alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka chini mlangoni, akaingia na spana. Ndani, mnyororo ulikuwa umeshaanguka sakafuni, na bolti zinajikaza.