Mshipa wa Wangu

Daktari Chesang alikuwa amewafuatilia wagonjwa wale wale kwa zaidi ya miaka kumi, na kati yao wote hakuna aliyemkosesha raha kama Wangu wa Kabazi. Si kwamba Wangu alikuwa mgonjwa kuliko wenzake. Alikuwa ametoweka.

Ugonjwa ambao daktari alikuwa akiuchunguza ulikuwa wa mishipa mikubwa ya damu. Kinga ya mwili huigeukia mishipa yenyewe, kuta zikavimba na kuwa nene, mwishowe damu ikakosa pa kupita. Wangu alipoletwa hospitalini Nakuru mara ya kwanza, alikuwa msichana aliyetoka tu kumaliza shule, ambaye hakuweza kuanika nguo bila mikono kumlegea. Naftaly, muuguzi wa utafiti, alimshika mkono wa kushoto akatafuta mapigo, akatafuta tena, kisha akamwita daktari. Vidole vilikuwa vinacheza vizuri, lakini mshipa haukupiga hata kidogo.

Tangu siku hiyo Wangu alikuja kila mwaka. Halafu akaacha, na simu yake ikawa haipatikani.

"Tumweke kwa waliopotea, daktari," Naftaly alisema. "Utafiti wa miaka mingi lazima upoteze watu."

"Na wewe huna hamu ya kujua? Yuko hai? Ule mkono ukoje?"

Naftaly akacheka. "Ninayo. Nilikuwa naona haya kusema."

Basi wakafunga safari, mashine ndogo ya kupiga picha za mishipa ikiwa kwenye kiti cha nyuma. Kule Kabazi mamake Wangu aliwapokea katikati ya shamba la viazi, akajifuta udongo mikononi. Chesang aliogopa kuuliza, lakini mama hakumsubiri aulize.

"Wangu alihamia Longonot. Anapandisha wageni mlima."

"Anafanya nini?"

"Anawaongoza wageni mpaka juu. Kwani hamkujua?"

Njia nzima Chesang alijiuliza inawezekanaje. Mtu aliyeshindwa na kamba ya nguo!

Walimkuta Longonot jioni, ametoka mlimani, buti zimejaa vumbi. Aliwatambua mara moja, ila hakutabasamu.

"Sikuacha kuja eti kwa sababu nimepona," alisema. "Dawa nachukua Naivasha, sijaruka. Lakini nyinyi kila mwaka mnanitoa damu, mnanipiga picha, mnaniambia asante, tuonane mwakani. Mwili ni wangu, daktari. Huko ndani mliona nini?"

Chesang alikuwa na jibu lake la siku zote, kwamba utafiti bado haujakamilika. Safari hii aliliacha. "Ni kweli," alisema. "Njoo nikuonyeshe."

Wangu alilala kwenye kochi sebuleni kwake. Chesang akamgeuzia kioo cha mashine, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mgonjwa yeyote wa utafiti, akambonyeza kwa kichwa cha mashine chini ya mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega.

"Huu ndio mshipa unaoelekea mkononi. Hapa umeziba." Kisha akasogea karibu. Pembeni mwa ile sehemu iliyoziba palikuwa na vijishipa vyembamba vilivyojipindapinda, damu inapita ndani yake.

"Hivyo ni nini?" Wangu akauliza.

"Njia za kando. Mwili umejitengenezea."

"Lini?"

"Sijui. Kwenye picha yako ya mwisho hazikuwepo."

"Kumbe zimekuja nikiwa nimewanunia!" Wote watatu wakacheka. "Na ni mlima uliozileta, ama ni dawa? Wenzangu wanazo?"

"Hata mimi ningependa kujua," Chesang alijibu, akapandisha kichwa cha mashine hadi shingoni mwa Wangu. Kicheko kikaisha. Ukuta wa mshipa wa upande wa kulia ulikuwa umenenepa, umezungukwa na pete nyeusi.

"Hapa panauma?"

"Hapana."

"Ugonjwa umeamka hapa, Wangu. Huusikii, lakini umeamka."

Wangu aliielekezea ile pete kidole. "Huu unaenda kichwani?"

"Ndio."

"Basi kesho nakuja Nakuru."

Alikuja. Dawa zikabadilishwa, na kwa miezi kadhaa hakupanda mlima, jambo lililomkera kuliko sindano. Picha iliyofuata ilionyesha ukuta umeanza kupungua unene. Si kwamba alikuwa amepona, ila uvimbe ulikuwa umetulia.

Tangu hapo kioo cha mashine kiligeuzwa kumwelekea mgonjwa, na kliniki ikachelewa vibaya. Zeddy, mgonjwa mwingine wa utafiti, mama wa Kaptembwo anayeuza mitumba, alitaka aelezwe kwa nini ni mkono wa kushoto na si wa kulia. Naftaly alilalamika kwamba hali tena chakula cha mchana, lakini ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza Wangu amepiga simu na swali gani wiki hii. Swali la Wangu kuhusu mlima na njia za kando liliingizwa kwenye utafiti, na jibu litachukua miaka.

Asubuhi moja simu ya Chesang ikalia. Wangu alikuwa amerudi kazini, siku hizi akipanda polepole.

"Daktari, niko na twiga hapa mbele yangu. Shingo yote hiyo, damu inafikaje kichwani? Na mbona mishipa yake haichoki?"

Chesang aliweka kikombe cha chai mezani. "Ngoja kwanza," alisema, akivuta kiti. "Yuko mbali na wewe? Ameinamisha kichwa ama amekiinua?"