Shahidi wa Upande wa Buluu

Ile sheria mpya ya kuwazuia mashabiki wa mpira kuimba nyimbo za chuki ilimnasa mwanangu Fergal nje ya uwanja, hapa hapa Glasgow. Hakupiga mtu, hakurusha chupa. Aliimba ule wimbo wetu sisi Wakatoliki wa timu ya kijani, wa vijana wa Ireland waliokufa wakipigana na Waingereza, bunduki mikononi, na polisi mmoja alikuwa akimrekodi kwa kamera.

"Mama, wimbo tu ule," aliniambia.

"Wimbo tu, na wewe jitu zima lenye upara."

Fergal huendesha basi la watoto wasioweza kutembea. Akitiwa hatiani, basi hilo hapewi tena. Wakili wetu, Bwana Lockhart, alisema mahakama itauliza kama wimbo ule ungemuudhi mtu wa kawaida. "Nileteeni Mprotestanti, shabiki wa timu yao ya buluu, aseme haumuudhi. Hata mmoja."

Mmoja nilikuwa naye: Senga, jirani yangu wa mlango wa pili. Tangu tuhamie tunapokezana kuosha ngazi za jengo letu, wiki yangu, wiki yake. Nilipoumwa nyonga aliziosha zote bila kuombwa. Basi nikamkuta ngazini, kapiga magoti juu ya kipande cha zulia, ndoo inanuka dawa.

"Una!" aliniita kwa jina. "Usikanyage hapo, pabichi! Haya, jambazi wako Fergal hajambo?"

"Hajambo. Anakula kuliko unavyosengenya."

Akacheka. Nikamweleza shida yangu. Akakamua kitambaa muda mrefu, mpaka hakikuwa na tone.

"Fergal hajaniudhi hata siku moja. Vifurushi vyangu anavipandisha yeye."

"Basi kaseme hivyo hivyo."

"Watakachoniuliza ni wimbo, Una. Akiuimba bafuni Jumapili, mimi hufanya nini?"

"Hufungulia redio. Kwa sauti kubwa."

"Umeona?"

Na mimi siku zote nilidhani anapenda redio.

"Kaka yangu Alec, wenzenu walimvunja taya huku wanauimba," alisema. "Nikishika Biblia siwezi kudanganya. Hata kwa ajili yako."

"Na nyimbo zenu je? Zile za kumwaga damu yetu?"

"Hizo nazo zinaudhi. Marehemu mume wangu aliziimba mpaka mwisho. Wewe ungeniapia haziudhi?"

"Nisingeweza."

"Haya basi. Pita kando ya ukuta, usiteleze."

Fergal alikuwa jikoni akimenya viazi. "Amekataa? Yule bibi wa buluu!"

"Nyamaza, mwanangu." Nikamweleza habari za Alec. Kisu kikasimama.

"Mbona hakusema miaka yote hii?"

"Nani alimuuliza?"

Siku ya kesi Fergal alikiri kosa: wimbo unaudhi, alisema. Bwana Lockhart akafunga mkoba wake bila kututazama. Nje, mashabiki wenzake Fergal walikuwa wamejipanga na skafu za kijani.

"Fergal, shujaa! Tukate rufaa!"

"Nendeni makwenu, ndugu zangu. Mnanipigia kelele."

Akanishika mkono tukashuka polepole, kwa sababu ya nyonga. Karibu na daraja akaniuliza watoto wa basi wataambiwa ameenda wapi. Nikamwambia sijui.