Mchoro wa Msichana wa Maziwa

Mama yangu, Ndeshi, alifariki nikiwa bado nanyonya, wala hakuacha picha hata moja. Jumamosi mjukuu wangu Abigail, anayetunza wazee hapa Sydney, alitupeleka mimi na bibi anayemhudumia, Halina, kwenye sherehe ya chama cha Wapolandi wapenda sanaa. Ukutani walitundika michoro iliyochorwa na waanzilishi. Mmoja ulikuwa wa msichana mwenye kibuyu.

"Baba alimchora kambi ya wakimbizi Tengeru, kule Arusha, vita vilipotufukuza kwetu Polandi," Halina akasema kwa Kiswahili safi. "Alituletea maziwa. Ndeshi, binti wa mhunzi Kaanaeli."

Nikausogelea mchoro. Kaanaeli ni babu yangu!

"Dada Halina, sauti yake ilikuwaje?"

"Ya kukaripia!" akacheka. "Nikimwaga maziwa ananifokea weee, halafu ananijazia tena."