Jeneza la Marinus

Serikali ilipoamua kuwa kijiji cha Oostwael kifukiwe mchanga ili bandari ipanuliwe, walio hai walipewa miezi sita kuhama. Wafu walipewa wiki mbili. Kazi ya kuwafukua, ili wapelekwe makaburi mapya, aliachiwa Krijn Poldervaart, mchimba makaburi wa kijiji kwa miaka ishirini na tisa. Hakuna aliyejua vizuri kuliko yeye nani amelala wapi.

Alifukua kwa mpangilio, safu baada ya safu, akisaidiwa na vibarua wanne kutoka mjini. Kaburi moja tu, lililokuwa karibu na ukuta wa kanisa, alikuwa akilipita kila siku.

"Babu, na hili?" msimamizi wa vibarua alimwuliza. "Au huyu ana ruhusa ya kubaki?"

"Hilo nitalichimba mwenyewe."

"Chimba basi. Jumatatu mabomba ya mchanga yanafunguliwa, na hayamwulizi mtu."

Lilikuwa kaburi la Marinus Kwist, kijana wa miaka kumi na tisa aliyekufa majira ya kuchipua ya mwaka 1945, vita ikiwa inaisha. Wajerumani walikuwa wameshaondoka, lakini mabomu waliyoyatega kwenye malisho chini ya tuta la kuzuia bahari yalibaki. Mama yake, Leuntje, alikuwa mjane na hakuwa na mtoto mwingine. Kila Jumapili, baada ya ibada, alipiga magoti pale kwa miaka kumi na saba.

Krijn alikusudia kulihamisha jeneza bila kulifungua, tena Leuntje akiwa hayupo. Lakini Ijumaa asubuhi alipopiga jembe la kwanza alisikia hatua kwenye kokoto. Leuntje alikuwa anakuja, amevaa nguo nyeusi, aproni na kofia nyeupe ya kanisani, na kiti kidogo mkononi. Alikiweka ukingoni mwa kaburi akakaa.

"Mama Kwist, si jambo la kutazama hili," Krijn alisema. "Nenda nyumbani ukanywe kahawa. Nikimaliza nitakuita."

"Nyumba wameibomoa jana. Niende wapi? Chimba tu, Krijn. Mimi ndiye niliyemzaa."

Alichimba. Jasho lilimtoka ingawa upepo ulikuwa wa baridi. Jembe lilipogonga mbao alisimama, akashindwa kuinua tena mikono. Mbao zilikuwa zimeoza, na atakapozinyanyua kila kitu kitamwagika mbele ya mama huyu.

"Hayumo," alisema.

"Nani hayumo?"

"Marinus. Humu tulitia udongo. Mimi na fundi seremala, Mungu amrehemu. Hatukupata cha kuzika, Mama Kwist. Tulipata kiatu kimoja tu, tukakitia humu. Nawe ulikuwa umekaa mlangoni, unataka mwanao aletwe."

Leuntje hakulia. Aliishika kofia yake isipeperuke.

"Endelea," alisema. "Uso wako bado una kitu."

Krijn aliegemea mpini wa jembe. Alikuwa ameyabeba maneno hayo muda mrefu mno, hata alipoyatoa yalitoka kama ya mtu mwingine. Alisema Marinus hakuwa anakatisha njia siku ile, kama yeye Krijn alivyowaambia watu. Ng'ombe wake Krijn alikuwa amevunja uzio akaingia malishoni. Krijn alisimama kwenye tuta akaogopa kushuka. Kijana akapita, anapiga mluzi.

"Nikamwambia, wewe mwepesi, kimbia umrudishe. Akacheka. Akasema, 'Mjomba Krijn, unaogopa nyasi?' Akashuka."

Vibarua upande wa pili waliacha kuzungumza.

"Ng'ombe alipona?" Leuntje aliuliza.

"Alipona."

"Ukamkamua?"

"Nikamkamua."

"Ukaniletea maziwa yake. Kila asubuhi, mwaka mzima. Nikawaambia watu, Krijn ana moyo wa dhahabu." Alisimama, akakunja kiti chake. "Nami nikayanywa."

"Mama Kwist..."

"Nipe kiatu."

Krijn alipiga magoti ndani ya shimo, akazibandua mbao kwa mikono. Kwenye udongo mzito wa kijivu alikipapasa akakipata. Kiatu cha mbao, cheusi kwa maji, ufa wa mbele bado umefungwa waya. Waya huo Leuntje aliuzungusha mwenyewe, wakati wa vita, viatu vipya vilipokuwa havipatikani. Alikipokea bila kugusa vidole vya Krijn, akakifuta kwa aproni na kukifunga humo.

"Huko makaburi mapya usiandike jina lake," alisema. "Watu wasije wakapigia magoti udongo wako tena. Na mimi nikifa, usinichimbie wewe."

Aliondoka kuelekea kwenye lori lililokuwa likiwasubiri wahamaji wa mwisho. Dereva alitaka kumpokea mzigo. Alikataa, akapanda nao kifuani. Hakutazama nyuma kanisani, wala kwenye kifusi cha nyumba yake.

Krijn alitoka shimoni akaanza kurudishia udongo.

"Babu, wa nini?" msimamizi alimpigia kelele. "Jumatatu hapa ni mchanga mita tano!"

Krijn alifukia mpaka shimo likajaa, akalisawazisha kwa mgongo wa jembe, kisha akaenda kuchimba safu iliyobaki.